Gakara: Madini Yaliyofichwa Mara Mbili

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, somo letu la leo halituhitaji kusafiri mbali. Kutoka Jabe ukishika barabara ya Rumonge, ukaipita Kanyosha, utafika Kabezi. Juu yake, upande wa mashariki, vinaanza vilima vya Mutambu, na huko ndiko Gakara, kilomita 20 hivi kusini-mashariki mwa Bujumbura. Ndani ya vilima hivyo mna mawe ambayo wanajiolojia wa dunia nzima wanayajua kwa jina, ilhali wengi wetu tuliozaliwa hapa mjini hatujayasikia. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1936. Yalichimbwa tangu 1948 hadi 1978, zikatoka tani 5,000 hivi. Kisha mgodi ukalala karibu miaka 40.

Swali la somo hili ni moja: kwa nini mawe yenye utajiri mkubwa hivyo hayajawatajirisha wenye vilima? Wengine watajibu kwa siasa. Sisi tuanze na jiwe lenyewe, maana sehemu kubwa ya jibu imo ndani yake.

Neno "madini"

Neno letu "madini" limetoka katika Kiarabu, ma'din, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kukaa na kutulia mahali. Ni asili hiyo hiyo ya Jannat 'Adn, bustani za makazi ya kudumu. Madini basi ni kitu kilichokaa mahali pake ardhini mpaka mtu akifuate.

Wanazuoni wa fiqhi waliyagawa madini mafungu mawili. Fungu la kwanza ni madini ya dhahiri, yanayoonekana na kuchukuliwa bila kazi kubwa, kama chumvi ya juu ya ardhi. La pili ni ya batini, yaliyofichika, yasiyopatikana ila kwa kuchimba na kusafisha, kama dhahabu, fedha na chuma. Ushike mgawanyo huu, tutaurudia. Madini ya Gakara ni ya batini, tena yamefichwa mara mbili: mara ya kwanza ndani ya mwamba, mara ya pili ndani ya jiwe lenyewe.

Ficho la kwanza: ndani ya mwamba

Mwamba wa vilima vile ni wa kale sana. Ni sehemu ya ukanda wa miamba ambao vitabu vya zamani viliuita Kibara, na ambao upande wetu sasa huitwa Karagwe-Ankole. Unapita Burundi, Rwanda, kaskazini-magharibi mwa Tanzania na kusini-magharibi mwa Uganda. Umri wake unapita miaka bilioni 1. Mingi ni miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi, kama naisi, jiwe gumu lenye mistari ya rangi nyeupe na nyeusi.

Baadaye sana, karibu miaka milioni 600 iliyopita, maji ya moto kutoka chini yalipenya katika nyufa za mwamba huo. Hayakuwa maji matupu. Yalibeba hewa ya kaboni, florini, sodiamu na potasiamu, pamoja na metali ziitwazo adimu za ardhi. Wataalamu wengi wanadhani chanzo chake ni karbonatiti iliyojificha chini, yaani mwamba uliotokana na uji wa moto wenye kaboneti nyingi. Dhana hiyo ina msingi, kwa sababu karbonatiti ya namna hiyo ipo kweli Burundi, huko Matongo, upande wa kaskazini.

Maji yale yalipopanda yakapoa na kukutana na mwamba wa aina nyingine, hayakuweza tena kushika mzigo wake. Yakautua. Ndivyo nyufa zilivyojaa na kuwa mishipa ya madini. Baadhi ya mishipa ni membamba kama kidole, mingine ina upana wa sentimita makumi kadhaa. Imetawanyika huku na huku, wala haikujikusanya mahali pamoja.

Ndani ya mishipa hiyo mna madini mawili makuu. La kwanza ni bastnesiti, kaboneti yenye florini, rangi yake ya manjano iliyoelekea kahawia. Jina lake limetoka Bastnäs, mgodi wa kale wa metali nchini Sweden, ambako jiwe hilo lilitambuliwa kwanza katika karne ya 19. La pili ni monaziti, ambayo ni fosfeti. Utafiti wa Gakara umeonyesha kwamba bastnesiti ilitangulia, kisha monaziti ikaja kuchukua nafasi yake sehemu kadhaa. Pembeni yake hukaa barite na kwatzi.

Sasa angalia hesabu. Katika mishipa ya Gakara, oksidi za metali hizi huwa kati ya asilimia 47 na 67 ya jiwe. Mgodi mashuhuri wa Mountain Pass kule California, nao wa bastnesiti, una asilimia 7 au 8 tu. Kwa ukali wa madini, Gakara ni miongoni mwa mahali pa juu kabisa duniani. Lakini ukali si wingi. Mountain Pass ni mwamba mmoja mkubwa. Gakara ni mishipa membamba iliyosambaa vilimani. Kijiko cha asali safi si pipa la maji ya sukari, na kiwanda hujengwa kwa hesabu ya pipa.

Kipimo cha al-Biruni

Ficho la kwanza hufunguliwa kwa sururu, maji na uzito. Mwamba ukishavunjwa, madini hutenganishwa na mawe matupu kwa sababu ni mazito zaidi. Msongamano wa bastnesiti ni karibu 5, yaani ina uzito mara tano wa maji ya ujazo ule ule. Wa kwatzi ni 2.65 tu. Ukivitikisa pamoja ndani ya maji, kizito hushuka na chepesi huchukuliwa. Kiwanda kilichojengwa Kabezi kilitumia kanuni hiyo.

Kanuni hii ina historia katika umma wetu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima juu ya vito na metali, Kitab al-Jamahir. Pia alitengeneza chombo cha umbo la koni, akakijaza maji, akatumbukiza vito na metali kimoja kimoja na kupima maji yaliyomwagika. Kwa njia hiyo alitofautisha kito cha kweli na cha bandia bila kukivunja.

Wewe pia unaweza, ukiwa na mizani, kikombe na maji. Chukua jiwe la gramu 500. Likimwaga gramu 100 za maji, gawanya 500 kwa 100, upate 5: hilo huenda ni madini mazito. Likimwaga gramu 189, jibu ni 2.65 hivi: hilo ni zito la kwatzi.

Ficho la pili: ndani ya jiwe

Hapa ndipo wengi tunapotelezea. Tunadhani jiwe likishatoka na kusafishwa, kazi imekwisha. Kumbe ndani ya gunia la Kabezi hamna metali moja, mna kundi.

Metali adimu za ardhi ni elementi 17: lanthani na ndugu zake 14, pamoja na skandi na itri. Jina "adimu" linadanganya, maana seri, mmoja wao, iko ardhini kwa kiasi kinachokaribia kile cha shaba. Taabu ni kuzitenganisha. Karibu zote hupoteza elektroni tatu, na ukubwa wa ioni zake hupungua kidogo kidogo kutoka moja hadi nyingine. Kikemia ni kama mapacha: ukiita mmoja, wote wanaitika. Kuzitenganisha kunahitaji kuyeyusha madini kwa asidi, kisha kuupitisha mchanganyiko katika vimiminika maalumu hatua kwa hatua, mara mamia.

Historia inathibitisha ugumu huo. Kwa zaidi ya miaka 40 wanakemia waliamini kuna elementi moja iitwayo didimi. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach akaonyesha kwamba ni mbili: neodimi na praseodimi. Na hizi mbili ndizo roho ya Gakara leo. Katika kundi lile ni karibu moja ya tano kwa uzito, lakini ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya thamani, kwa sababu ndizo zinazotengeneza sumaku zenye nguvu za magari ya umeme, mitambo ya upepo na spika za simu.

Tazama tarehe. Mgodi wa kwanza ulifungwa mwaka 1978. Sumaku ya neodimi, chuma na boroni ilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jiwe halikubadilika hata chembe. Ni elimu iliyobadilika, ikalipa jiwe bei mpya.

Mfano wa jirani: Kilembe

Mfano wa pili uko Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Mgodi wa Kilembe ulichimbwa chini ya ardhi kutafuta shaba kuanzia mwaka 1956 hadi mapema miaka ya 1980. Pamoja na shaba palitoka pairiti, madini ya chuma na salfa, yenye kobalti ndani yake. Wakati ule pairiti haikuwa na faida kwao, ikarundikwa Kasese hadi ikapita tani milioni 1. Mvua ilipoinyeshea, ilitoa asidi na metali zilizochafua udongo na maji. Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese kikaanza kuitoa kobalti ile kwa kutumia bakteria wanaokula salfa na chuma. Uchafu wa baba ukawa bidhaa ya mtoto. Lakini madhara ya ardhi yalikuwa yamekwisha kuingia.

Mali ni ya nani?

Turudi kwenye fiqhi. Imepokewa katika Sunan kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa Abyad bin Hammal mgodi wa chumvi wa Ma'rib. Alipoelezwa kwamba chumvi ile ni kama maji yanayotiririka yasiyokatika, akairudisha. Wanazuoni wakachukua hapo kwamba mali ya dhahiri inayohitajiwa na wote haimilikishwi mtu mmoja. Kuhusu madini ya batini walihitilafiana: wako waliosema yanaweza kumilikiwa na mwenye kuyafanyia kazi, na mashuhuri kwa Wamaliki ni kwamba yako mikononi mwa kiongozi kwa maslahi ya Waislamu wote. Sheria ya Burundi nayo inayahesabu madini ya chini ya ardhi kuwa mali ya taifa.

Lakini umiliki bila kipimo ni jina tu. Mwaka 2015 kampuni ya Rainbow ilipewa leseni ya Gakara, serikali ikiwa na hisa asilimia 10. Mwishoni mwa 2017 magunia ya kwanza yakasafirishwa nje. Mwaka 2021 serikali ikasimamisha usafirishaji, kisha uchimbaji, ikisema nchi haipati haki yake. Hatutahukumu kesi hapa. Tuulize swali la mwanafunzi: mgogoro wa bei ya gunia unaamuliwa na nini? Unaamuliwa na kujua mna neodimi kiasi gani ndani ya gunia, mna thori kiasi gani, na kila moja inauzwaje ikishatenganishwa. Asiyeweza kupima mali yake hutegemea mizani ya mnunuzi. Na dini yetu imelikemea sana jambo la mizani; yuko anayepunja, na yuko anayekubali kupunjwa kwa kutojua.

Kiwanda cha kutenganisha ni ghali mno, na mishipa ya Gakara peke yake huenda isikitoshe. Lakini maabara ya kupima si ndoto. Inahitaji mwanakemia anayejua kutayarisha sampuli, mwanajiolojia anayejua sampuli ichukuliwe mshipa upi, mwanasheria anayejua kusoma mkataba mstari kwa mstari, na mhasibu asiyenunulika. Hao wote wamo, au wanaweza kuwemo, katika vyuo vyetu. Anayesoma kwa nia hiyo, akitaka watu wa vilima vya Mutambu wapate haki yao bila maji yao kuharibiwa kama ya Kasese, basi tunataraji kusoma kwake kuandikwe ibada.

Maswali ya halaka

1. Jiwe lina gramu 360 na limemwaga gramu 75 za maji. Msongamano wake ni ngapi, na linaelekea kuwa kwatzi au bastnesiti?
2. Kwa nini mgodi wenye asilimia 8 unaweza kushinda kwa faida mgodi wenye asilimia 60?
3. Madini ambayo mshipa wake unaonekana juu ya ardhi lakini hayana faida bila maabara, je, ni ya dhahiri au ya batini? Jadilini kwa dalili, kwa adabu ya kuhitilafiana.

Wabillahi tawfiq.