Kompyuta imeingia virusi: uisafishe au uifomati?

Mteja amechomeka flashi yake kwenye kompyuta ya saiba yako hapo Mishomoroni, na sasa kila folda imegeuka shotikati. Au laptopu ya nyumbani inatapika matangazo hata ukiwa hujafungua brauza. Huyu anakuambia "weka antivirusi tu". Yule anakuambia "fomati, yaishe". Kila mmoja ana siku yake ya kuwa sahihi.

Kabla hujagusa chochote, jiulize: kompyuta hii huitumia kuingia wapi? Kama ni ya kuandikia CV na kutazama filamu, jaribu kuisafisha. Kama humo ndimo unamoingilia KRA, eCitizen, benki na barua pepe ya biashara, na hujui ni virusi gani vimeingia, fomati. Virusi vinavyoonyesha matangazo vinakuudhi. Vile vinavyoiba nywila vinakaa kimya, na hivyo ndivyo vya kuogopa.

Kata intaneti kwanza. Zima Wi-Fi au chomoa waya wa rauta. Usiingie kwenye akaunti yoyote eti kuangalia kama iko salama, maana kama kuna mwizi ndani, nywila umempa mwenyewe.

Sasa hakikisha kweli ni virusi. Ule ujumbe unaoruka pembeni karibu na saa, ukidai umepatikana na virusi vitano au antivirusi yako imeisha muda, mara nyingi ni arifa za tovuti uliyoibonyezea "Allow" bila kusoma. Fungua mipangilio ya brauza, nenda "Notifications", ondoa kila tovuti usiyoijua. Ukitoka hapo pitia "Extensions" ufute usichokumbuka kukiweka. Huenda kazi ikaishia hapo, na fundi hajaonja shilingi yako.

Shotikati kwenye flashi ni habari nyingine, na kwa saiba ndiyo habari ya kila wiki. Faili za mteja hazijapotea. Virusi vimezificha na kuweka shotikati zenye majina yale yale, na ukibonyeza moja, unaviendesha. Kwa hiyo usibonyeze. Wala usimwambie mteja flashi yake imekufa.

Anza na kompyuta, flashi ije baadaye. Watu wengi hufanya kinyume: wanasafisha flashi, wanairudisha kwenye kompyuta ile ile chafu, shotikati zinarudi, wanalaumu antivirusi. Kompyuta ikishasafishwa na kuchunguzwa, ndipo uchomeke flashi uifanyie skani. Kisha fungua Command Prompt, uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Weka herufi ya flashi yako mahali pa E. Faili zilizofichwa zitajitokeza. Futa shotikati zote, pamoja na faili usizozijua zinazoishia na .vbs au .js.

Kompyuta yenyewe unaisafisha vipi? Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, bure, na inatosha. Rudisha intaneti kwa muda mfupi uisasishe, halafu kata tena. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Scan options", uchague skani ya "offline". Kompyuta itajizima, iwake, na ichunguze kabla Windows haijaamka, wakati virusi havijapata nafasi ya kujificha. Ni kama robo saa hivi. Angalia tokeni za stima kabla ya kuanza.

Ukimaliza, usiondoke kwenye Windows Security. Tafuta mahali palipoandikwa "Exclusions". Hapo huorodheshwa folda ambazo Defender imeambiwa isiziguse. Virusi vingi hujiandikisha hapo vyenyewe, ndiyo maana skani inasema kila kitu ni safi na kompyuta bado inaumwa. Ukikuta kitu ambacho hukukiweka, kiondoe na urudie skani.

Ukitaka jicho la pili, tumia Malwarebytes ya bure. Usirundike antivirusi tatu zinazolinda kwa wakati mmoja. Zitagombana, na kompyuta itatambaa.

Jipe jioni moja tu. Safisha, washa upya, skani tena, kisha iangalie siku mbili tatu. Tatizo likirudi hata mara moja, acha kulikimbiza. Saa unazopoteza ukiwinda faili moja moja ni nyingi kuliko za kuweka Windows upya.

Kuna hali ambazo hata hiyo jioni moja usiitoe. Defender inajizima yenyewe na haikubali kuwashwa. Mtu alikupigia simu, ukamfungulia AnyDesk akaingia kwenye kompyuta. Akaunti yako imefunguliwa na mtu usiyemjua. Au uliendesha kraki ya Windows au ya Office, na tangu hapo mashine haieleweki. Kraki nyingi hukuambia uzime antivirusi kwanza. Mgeni anayekutaka umfukuze askari wa getini kabla hajaingia, wewe ungemfungulia? Hapo fomati.

Lakini kama virusi vimefunga faili zako na kudai pesa, usifomati haraka. Piga picha ujumbe wao. Nakili faili zilizofungwa uziweke pembeni. Kisha, kwa kompyuta nyingine, tembelea No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Mradi huo una funguo za bure za baadhi ya virusi hivyo. Ufunguo usipopatikana leo huenda ukapatikana baadaye, kwa hiyo zitunze hizo faili. Unaweza pia kuripoti kwa KE-CIRT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Pesa usitume. Ukishalipa huna wa kumdai.

Umeamua kufomati? Nakili hati, picha na data ya programu yako ya hesabu. Programu zenyewe usinakili. Faili yoyote inayoishia na .exe, .bat, .vbs au .lnk iache ife na Windows ya zamani. Ukiwa bado hapo, pakua draiva za Wi-Fi na za printa kwa kutumia kompyuta safi. Saiba isiyoprinti asubuhi haina mteja mchana, iwe unatumia Kyocera au Epson.

Sasa jambo ambalo huharibu kazi nzuri: Windows unaitoa wapi? Ile flashi ya fundi iliyozunguka Kisauni nzima, yenye Windows "iliyokwisha aktivetiwa", inaweza kukurudishia ugonjwa ule ule. Mpelekee fundi flashi yako. Uwe na flashi tupu ya GB 8 au zaidi, uende kwenye kompyuta safi, upakue Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, na ufuate maelekezo yake. Itakula bando ya GB kadhaa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya mtu unayemwamini.

Na kraki huihitaji. Laptopu iliyokuja na Windows halali kuanzia ya 8 na kuendelea kwa kawaida hubeba namba yake ya leseni ndani ya mashine yenyewe. Ukiulizwa namba, chagua kwamba huna. Weka toleo lile lile ulilokuwa nalo, Home kwa Home, Pro kwa Pro, nayo itajitambua ikiingia mtandaoni.

Chomoa diski zote za nje ili usifute visivyofutwa. Chomeka flashi ya Windows, washa mashine huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP. Ukiulizwa aina ya usakinishaji, chagua "Custom". Hapa ndipo mafundi wenye haraka hukosea: wanafuta C na kuiacha D, na D ndiyo iliyojaa setapu za zamani zenye virusi. Kama data yako iko salama kwenye diski nyingine, futa sehemu zote za diski ya ndani, uweke Windows kwenye nafasi tupu.

Huna flashi? Tumia "Reset this PC", uchague "Remove everything" na "Cloud download". Itapakua takribani GB 4. Kwa virusi vya kawaida inafaa, ila mimi kwa kompyuta ya benki ningependelea flashi.

Ukiwa na laptopu kuukuu, kumbuka Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwa nyongeza ya usalama wanafika Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0, na kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo mashine nyingi za eksi-UK hazipiti. Kwa hizo weka Linux Mint. Ni ya bure, ina LibreOffice, na eCitizen hufunguka kwenye brauza kama kawaida. Jaribu printa yako kwanza kabla hujaifuta Windows.

Windows mpya ikikaa, sasisha kabla ya yote. Zile faili ulizonakili zifanyie skani ndipo uzirudishe.

Kisha badilisha nywila, na hili watu huliruka. Kufomati hakurudishi nywila iliyokwisha ibiwa. Anza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote hutuma huko kiungo cha kubadilisha nywila. Fuata na benki, eCitizen, KRA, halafu mitandao ya kijamii. Kila mahali, toa vifaa vyote vilivyoingia, maana virusi vingine huiba ile alama ya kuwa "umeshaingia" na nywila haviihitaji tena. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kama bado unasubiri kufomati, fanya haya leo kwa simu yako.

Kwa mwenye saiba, mambo matatu zaidi. Kompyuta za wateja zisiwe na akaunti ya admini, na ukiweza weka programu kama Deep Freeze, inayoirudisha mashine ilivyokuwa kila ikiwashwa upya. Kila jioni futa nakala za vitambulisho na CV zilizoachwa kwenye Desktop. Na ikifika Juni, foleni ya ritani imejaa kabla ya tarehe 30, ukumbuke kwamba fomu ya Excel ya KRA hukutaka uruhusu makro. Iruhusu ile tu uliyoipakua mwenyewe kutoka iTax. Iliyotumwa na mteja kwa WhatsApp, ikiwa tupu au imejazwa, usiifungue kwenye mashine yako ya kazi.

Ile flashi ya Windows uiandike kwa kalamu, uifungie kwenye droo. Jirani akija kuiazima, mwambie alete yake umtengenezee.