Moto wa Gesi Unapofifia

Mama lishe wa Kariakoo anayechemsha sufuria kubwa kwa mtungi wa kilo 6 huona moto ukififia kabla ya adhuhuri, akadhani amepunjwa. Tunashauri auguse mtungi kwanza. Ukiwa baridi na unatoka jasho, gesi ingalimo: kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto la chuma, na mgandamizo hushuka. Jasho hilo huonyesha hata kimo cha gesi iliyobaki. Funga valvu, uuache urudie joto lake. Kuulaza au kuupasha moto ni kujitafutia maafa.

Kupunjwa huthibitishwa na mizani, dukani, kabla ya kulipa. Toa uzito wa mtungi mtupu uliochapwa kwenye chuma. Zibaki kilo 6. Muuzaji akikataa kupima, malalamiko yafikishwe EWURA.