Je, Picha ya Zimwi ni Sanaa?

Muhula uliopita nilichora linani, lile zimwi la hadithi za bibi zetu wa Busia, limeketi juu ya Jabali la Tororo likila lori zima la mahindi. Wenzangu wa bwenini walilizunguka wakicheka. Hapana aliyepata kuliona linani, lakini kila mmoja alisema, "Ndilo hasa!" Mwalimu aliyetuhukumu hakunipa hata alama moja. Alisema, "Chora ulichokiona."

Ndugu wanafunzi, nanyi wakubwa wetu mliokwisha maliza shule, nauliza: je, picha ya kitu kisichokuwapo yaweza kuitwa sanaa?

Yafaa kwanza tuwatazame mafundi. Hieronymus Bosch wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 1516, alichora kiumbe chenye kichwa cha ndege kikimeza watu. Picha hiyo imo katika makumbusho ya Prado, mjini Madrid. Huku kwetu, Wamakonde wa Tanzania huchonga mashetani ya mpingo, na George Lilanga (1934–2005) aliwachora mashetani kwa rangi kali. Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi aliyefariki Nairobi mwaka 2018, alichora ng'ombe wanaopendana kama watu. Wote hawa wanaheshimiwa.

Basi, mwalimu alikosea? Nadhani nusu tu. Nililitundika linani langu juu ya kitanda, nikalitazama siku nyingi, mpaka nikaona kosa. Jabali napita chini yake kila nirudipo shuleni, lakini nilikuwa nimelichora kama chungu kilichofudikizwa. Zimwi halikuwa na uzito wala kivuli. Lori lilikuwa jepesi kama kibiriti. Kiumbe cha Bosch, kinyume chake, kimeketi kitini hata ukaamini kwamba kiti kinaelemewa.

Fundisho nililopata ni hili. Hadithi humpa mchoraji zimwi, lakini jicho ndilo limpalo miguu ya kusimamia. Anayebuni hana ruhusa ya kutotazama. Yeye hupaswa kutazama zaidi, kwa kuwa anataka tusadiki lisilokuwapo.

Likizo hii nilikwenda chini ya jabali kwa asubuhi tatu, nikachora vivuli vya mawe tu. Linani nitalichora tena mashindano yajayo. Nikikosa alama safari hii, sitamlaumu mtu kabla sijaitazama picha yangu kwanza.