Usiung'oe Mninga Uliokauka

Kila kiangazi hupigiwa simu na watu niliowapa miche. "Ile mininga imekufa yote," wananiambia. Nami huwajibu: usiing'oe, wala usipitishe jembe juu yake. Hiyo ndiyo tabia ya mninga. Kishina chake hukauka mvua zikikatika, halafu zikirudi huchipua upya kutoka mzizini. Hali hii yaweza kuendelea miaka mingi, hata kumi, mti ukiwa unanenepesha mzizi chini kwa chini. Mzizi ukishashiba, shina hupanda kwa kasi na halikauki tena.

Wanaoitupa miche mwaka wa kwanza hutupa miti iliyo hai. Jambo hili linaniuma, kwa sababu milango na vitanda vya mninga tunavyojivunia vimetoka kwenye miti iliyojiotea miomboni huku Tabora, Katavi na kwingineko, na inavunwa upesi kuliko inavyokua.

Mbegu nazitafuta kati ya Juni na Agosti. Tunda la mninga ni bapa na la duara, kama chapati ndogo iliyooteshwa miiba katikati. Vaa glavu ngumu, maana miiba ile hukatikia ndani ya ngozi. Kata ukingo wake kwa mkasi wa kupogolea, kisha pasua kile kitovu taratibu kwa kisu. Humo mna mbegu moja, mara nyingine mbili, na ganda lake ni laini, hupasuka ukitumia nguvu. Ni kazi ya kuketi kivulini na kutoharakisha. Zilizosinyaa au kutobolewa na wadudu ziache.

Kwaruza kila mbegu kidogo upande mmoja, iloweke usiku kucha, kisha ipande. Huota kwa wiki moja hadi tatu.

Ukitumia viriba, tafuta virefu, kwa sababu mzizi mkuu hukimbilia chini na kiriba kifupi huukunja. Changanya mchanga na udongo uliochotwa chini ya mninga mkubwa. Udongo huo una bakteria na kuvu wanaoishi na mizizi yake na kuilisha. Mimi napendelea kupanda mbegu moja kwa moja shambani, mvua za Novemba zikishashika, ili mzizi usiguswe kabisa. Chagua mahali pasipotuama maji na penye jua la kutosha, kwani mninga hauvumilii kivuli. Kila shimo liwekee kigingi kirefu, la sivyo kiangazi kikifika hutajua ulipanda wapi.

Adui mkubwa ni moto. Mninga mzee una gome nene linaloukinga, lakini mche hauna kinga hiyo, na kila ukiungua hurudishwa nyuma. Palilia kwa upana kuuzunguka na safisha barabara ya moto mapema, nyasi zikiwa bado mbichi. Ng'ombe nao wasipite hapo.

Kama shambani kwako umebaki mninga mkubwa, uache usimame uwe mama wa mbegu. Maua yake ya njano iliyokolea huja Septemba au Oktoba, yananukia, nayo hudumu muda mfupi sana. Tundika mizinga kabla ya Agosti kwisha, ili nyuki wawe wameshaingia.