Somo: Jiwe la Bahari au la Saruji?

Sisi wa Milepa tuko mbali na bahari, ila baadhi yenu mnaofuga samaki wa miamba katika matangi ya kioo mmetuuliza jiwe lipi lafaa. Jiwe la baharini huja na bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki. Lakini likishang'olewa, samaki wadogo hukosa maficho, jambo ambalo wavuvi wetu wanalielewa vema. Tena biashara ya matumbawe magumu husimamiwa na mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979.

Twashauri saruji. Liloweke jiwe majuma kadhaa ukibadilisha maji, maana saruji mpya hutoa chokaa kali. Kisha omba kijiwe kutoka tangi la mwenzako, bakteria wataenea. Usitie samaki hadi kipimo cha amonia kisome sifuri, mara nyingi baada ya wiki 4 hadi 6.