Kwa Nini Mgonjwa Huombwa Aingie Peke Yake

Ukimsindikiza ndugu yako kliniki ya afya ya akili, halafu daktari akakuomba usubiri nje, usikasirike. Mume hutolewa, mama mzazi hutolewa, hata mtoto anayeweza kurudia aliyoyasikia.

Kukosa usingizi, moyo kwenda mbio na sonona mara nyingi chanzo chake kiko nyumbani: kipigo, matusi ya kila siku, kunyimwa pesa ya matumizi, kulazimishwa tendo la ndoa. Mbele ya anayempiga, mgonjwa atasema alianguka. Ataandikiwa dawa, kisha arudi kwenye kipigo kilekile. Vidonge vya usingizi navyo vina hatari yake, maana aliyelala fofofo hawezi kukimbia.

Ndiyo maana mtaalamu huuliza faraghani: "Kuna mtu nyumbani unayemwogopa?" Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, linashauri swali hilo liulizwe dalili za namna hii zinapoonekana, si kwa kila anayeingia. Mgonjwa halazimiki kujibu siku hiyo. Akijibu, asiulizwe alimkosea nini mwenzake, wala asiamriwe kuondoka. Siku za kuondoka ndizo mara nyingi mpigaji huzidisha ukali, kwa hiyo mpango huandaliwa kwanza: jirani wa kukimbilia, nauli, vitambulisho na kadi za kliniki za watoto zitunzwe wapi.

Ataulizwa pia kama amewahi kukabwa koo. Hili halipuuzwi hata kama shingo haina alama. Madhara yanaweza kujitokeza baadaye, na mwenye kukaba leo anaweza kuua kesho.

Wazee wetu hupenda kuwakalisha wawili "wayamalize". Kipigo kikiwa bado kinaendelea, mtaalamu makini hafanyi hivyo: anayeogopa hasemi kweli, na akisema hulipia usiku.

Wanaume nao hupigwa, na huficha zaidi, kwa hiyo waulizwe vilevile.

Tanzania, anayetaka sheria imsaidie huenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi na kupewa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza iwe ushahidi. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo tiba, ushauri nasaha na polisi hupatikana pamoja. Kenya, piga namba ya msaada 1195 bila malipo, kwa simu ambayo anayekupiga haikagui.