Kupima Kuridhika kwa Watumiaji wa Utabiri wa Ziwani

Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka usiku, wavuvi wa dagaa wakiwa majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa ziwa hilo kwa njia ya intaneti. Je, tutapimaje kuridhika kwa mvuvi wa Busisi? Kuhesabu waifunguao tovuti hakutoshi, wala kuuliza, “Umeridhika?” hakutoshi, kwani wengi hujibu “ndiyo” kwa adabu tu. Yafaa kuuliza mambo manne: Je, habari zilimfikia kabla ya kuondoka mwaloni? Alizielewa? Aliziamini? Zilimsaidia kuamua kwenda au kubaki? Jambo lenye “hapana” nyingi ndilo la kurekebishwa kwanza. Tena waulizwe hata wasio na simu. Maana tovuti haiwahesabu, lakini dhoruba huwafikia.